Mwanamke Mwenye Sinia

Katika picha hii hakuna tukio. Mwanamke amesimama chumbani, ametugeuzia mgongo. Gauni lake ni la rangi nzito, karibu na nyeusi. Nywele zimefungwa juu, na ukosi wake ulio wazi ndio unaopata mwanga kuliko kitu kingine. Chini ya mkono wa kushoto amebana sinia tupu, limeegemea kiunoni. Pembeni yake kuna bakuli kubwa la kauri lenye kifuniko. Ukuta ulio mbele yake ni wa kijivu, basi. Kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu anayesikiliza jambo lililo chumba cha pili.

Aliyeichora ni Vilhelm Hammershøi wa Denmark, karibu na mwaka 1904, kwa rangi za mafuta juu ya turubai. Picha yenyewe iko katika makumbusho ya sanaa ya mji wa Randers. Sisi tunayo nakala tu, ukurasa mmoja wa kitabu kilichokuja na maboksi ya vitabu vya msaada, na kwa wiki kadhaa kitabu hicho kimekuwa kikiachwa wazi juu ya meza ya maktaba, penye ukurasa huohuo. Kila apitaye huongeza neno. Tumeona tuandike, ndugu msomaji, kwa sababu mazungumzo yameenda mbali kuliko tulivyotazamia, na mengine yamegusa maisha ya watu tunaokula nao meza moja.

Hammershøi alizaliwa Copenhagen mwaka 1864, akafariki 1916. Mwaka 1891 alimwoa Ida Ilsted, na huyo ndiye mwanamke wa sinia. Kuanzia 1898 hadi 1909 waliishi katika nyumba namba 30, mtaa wa Strandgade, eneo la Christianshavn, ndani ya jengo la karne ya 17. Humo alichora picha zaidi ya 60 za vyumba vilevile: mlango ulio wazi, mlango uliofungwa, meza, kiti, dirisha na mwanga wake sakafuni. Moja ya mwaka 1900 inaonyesha chumba kisicho na mtu wala kiti, ila vumbi linaloelea katika miale ya jua inayopita dirishani. Mtu anapokuwamo, mara nyingi ni Ida, na mara nyingi tunaona mgongo wake. Hawakujaliwa watoto. Rangi ni kijivu, nyeupe iliyofifia, kahawia, halafu kijivu tena. Frateri mmoja aliyewahi kusaidia kupaka rangi ukumbi wa parokia ya kwao alisema mteja kama huyu angeyafilisi maduka yote ya rangi ya Tabora.

Tafsiri ya kwanza ya picha ilitoka kwa karibu kila mtu, tena bila kushauriana: hapa kuna msiba.

Wasomaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa, lakini tueleze hata hivyo. Sebule ya Kitanzania haiachwi tupu kwa hiari. Hata yenye kochi moja ina vitambaa vilivyofumwa kwa mkono juu ya kochi hilo, ina kalenda ya mwaka huu na ya mwaka juzi, ina picha ya harusi, Moyo Mtakatifu wa Yesu, redio, na maua ya plastiki juu ya meza. Siku sebule hiyo inapokuwa tupu kuna sababu. Vijana wa jirani wameingia, wametoa makochi nje, wameshusha televisheni, wametandika mikeka, na kina mama wameketi chini wameegemea ukuta. Sote tumewahi kurudi nyumbani tukakuta makochi yako uani, tukajua kabla hatujaambiwa. Basi tulipoona ukuta mtupu, gauni jeusi na kichwa kilichoinama, macho yetu yalifanya kazi yaliyozoea kufanya. Yaliuliza ni nani amekufa.

Tafsiri ya pili ilikuwa kwamba wamegombana. Ya tatu ilileta ubishi zaidi: kwamba huyu ni msichana wa kazi. Waliosema hivyo walikuwa na hoja yao. Sinia ni la nani kama si la anayehudumia? Na mchoraji atamchoraje mkewe kwa mgongo, kana kwamba uso wake hauna maana? Wengine tulijibu kwamba inajulikana ni Ida. Wakasema, haya, ni Ida, lakini hapo amechorwa kama mtumishi. Hoja hiyo haikuisha siku ile, wala hatuna hakika kwamba imekwisha. Ilitufuata hadi Kwihara.

Kwihara iko kilomita chache tu kutoka Tabora mjini, upande wa kusini magharibi, na Jumamosi moja tulikwenda watu wanne kwa baiskeli. Njia ni ya vumbi, ina miembe ile mikubwa ambayo wazee hapa husema ilitokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Mwisho wa njia kuna tembe: kuta nene za udongo, mlango wa mbele wa nakshi kama ya pwani, ua katikati, vyumba vimeuzunguka. Nyumba inayoonekana leo ilijengwa upya mahali pa ile ya kale na kufanywa makumbusho madogo. Ni hapa David Livingstone alikaa mwaka 1872.

Ukitoka kwenye jua la mchana wa Unyamwezi ukaingia tembe, kwa muda huoni kitu. Halafu chumba kinakuja polepole: kwanza upande wa mlango, halafu sakafu, halafu kona. Mwanga unaingia kwa mlango na kwa tundu dogo, unatambaa ukutani, na ukuta una rangi ya udongo yenye aina kumi za kahawia ndani yake. Tulisimama pale bila kusemeshana. Mwenzetu mmoja akasema, "Ni kile chumba." Hakuna aliyeuliza chumba gani.

Habari za Stanley tunaziacha, ameandikwa vya kutosha. Alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, wakaja pamoja Unyanyembe Februari 1872, na tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kwenda pwani. Livingstone akabaki anangoja. Alingoja wapagazi ambao Stanley angewatuma kutoka Zanzibar, na hawakufika hadi katikati ya Agosti. Miezi mitano, ndani ya vyumba hivi, mtu wa miaka 59 mwenye maradhi ya tumbo, ambaye mkewe Mary alikuwa amezikwa Shupanga, kando ya mto Zambezi, tangu mwaka 1862. Vitabu vinapenda safari zake. Sisi tulivutwa na miezi hii ya kukaa. Katika shajara yake anaandika mambo ya nyumbani. Anatazama ndege walio karibu na nyumba. Anatengeneza jibini la njiani, na analalamika kidogo kwamba limekuwa na uchachu kwa sababu maziwa ya huku hugeuka upesi.

Humo ndani alikuwamo pia mwanamke mmoja, Halima, mpishi wake, mke wa Amoda. Livingstone anaandika kwamba Halima aligombana na mwanamke mwingine wa nyumba hiyo, Ntaoeka, akaondoka. Mzee akaenda kwa jirani yake Mwarabu na kupeleka barua ya kumfuatilia. Kumbe Halima alikwisha kurudi mwenyewe. Alikuwa nje. Hakutaka kuingia hivihivi; alitaka Livingstone atoke amwambie ingia. Akatoka, akamwambia, akaongeza kwamba wasigombane tena. Kisha anaandika sifa za Halima: mwangalifu, mwerevu, haibi wala hamwachi mumewe aibe, na kwamba tangu ampate hajawahi kulazimika kumkaripia. Akampa nguo nzito ya baridi ili ajue hana kinyongo naye. Na mwisho anaandika kwamba akifika Zanzibar atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na shamba.

Sentensi hiyo ya mwisho tuliisoma mara mbili tulipoifikia. *Atampa uhuru.* Maana yake hakuwa nao. Mtu aliyetumia nguvu zake kuuambia ulimwengu juu ya biashara ya watumwa alikuwa akipikiwa ugali na mwanamke asiye huru, ndani ya nyumba hii hii yenye kimya kizuri. Hatusemi haya ili kumshitaki. Aliyaandika mwenyewe kwa wino wake, na alidhamiria kuyarekebisha. Lakini tarehe 25 Agosti 1872 msafara ukaondoka kuelekea kusini, na tarehe 1 Mei 1873 Livingstone akafa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Zanzibar hakuiona tena kwa macho yake. Mwili wake ulipita tena Unyanyembe mwezi Oktoba, umebebwa na Chuma, Susi na wenzao. Luteni Cameron, aliyekuwa hapa na wenzake Waingereza, akawashauri wamzike huku huku. Wakakataa. Wakaubeba hadi Bagamoyo, ambako Februari 1874 ulipokewa na mapadre wa Roho Mtakatifu na kulazwa kanisani mwao kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Mapadre Wakatoliki wakimpokea Mprotestanti maiti. Nalo ni jambo la kukumbukwa.

Tukiwa bado ndani ya tembe tulijaribu kumweka Halima mahali pake. Alisimama wapi siku ile? Nje ya mlango wa nakshi au ule wa uani? Tulikubaliana uani, kwa kuwa mpishi huingia kwa uani. Na tulikubaliana kwamba mwanamke asiye na uhuru kisheria, aliyeweza kusimama nje ya nyumba na kumfanya mwenye nyumba atoke amkaribishe, alikuwa na kitu ambacho hakuna mtu aliyemnunulia. Kama angepatikana mchoraji siku ile angemchora kwa mgongo, anatazama mlango.

Sasa turudi Strandgade, maana huko nako kuna jambo. Ipo picha ya Hammershøi ya mwaka 1901 ambamo mwanamke amekaa kwenye piano, mgongo kwetu, na kati yetu na yeye kuna meza yenye kitambaa cheupe na vyombo vichache. Ni picha tulivu kuliko zote tulizoziona kitabuni. Mmoja wetu anayepiga kinanda kanisani ndiye aliyeuliza: vibao vile vyeupe vilikuwa vya nini?

Wakati huo piano nzuri zilivikwa pembe za ndovu kwenye vibao vyake, na sehemu kubwa ya pembe zilizokwenda Marekani na Ulaya kwa kazi hiyo ilitoka Afrika Mashariki kupitia Zanzibar. Na kabla ya Zanzibar, Bagamoyo. Na kabla ya Bagamoyo, hapa. Tabora ilikuwa njia panda: njia ya magharibi ilikwenda Ujiji na Kongo, ya kaskazini ilikwenda Karagwe na Buganda, ya mashariki ilishuka pwani. Burton na Speke mwaka 1857 walitumia siku 134 kutoka pwani hadi hapa. Pembe zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Mnyamwezi mmoja alibeba frasila mbili begani, pamoja na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Babu zetu walijivunia kazi hiyo. Kijana asiyewahi kufika pwani alihesabiwa bado mtoto. Wengine walibeba kwa ujira, na wengine walibeba kwa sababu walikuwa mali ya mtu.

Hatusemi piano ile ilivikwa pembe zilizopita Tabora. Hakuna anayeweza kulisema hilo, wala hatumhukumu Ida kwa kupiga piano nyumbani kwake. Tunasema tu kwamba tangu siku ile hatuwezi kuitazama picha hiyo bila kusikia watu wengi wakitembea. Na si pembe pekee. Christianshavn lilikuwa eneo la bandari na maghala. Karibu na nyumba yao lilisimama jengo la Kampuni ya Asia, lililojengwa kwa faida za biashara ya mbali. Hammershøi alilichora mwaka 1902, akaenda kuishi humo mwaka 1913. Denmark ilitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini mwaka 1792, ikaanza kutumika 1803, na watumwa wa visiwa vyake vya Karibi wakapata uhuru 1848. Kwa hiyo Ida aliposimama na sinia lake, mambo hayo huko kwao yalikwisha kuwa historia. Hapa hayakuwa historia. Mwaka 1904 nyumba nyingi za Tabora bado zilikuwa na watu wasio huru jikoni na uani, na sheria ya kuufuta utumwa kabisa Tanganyika ilitungwa mwaka 1922. Reli ya kati ilikuwa imeshafika Tabora miaka kumi kabla ya sheria hiyo.

Na Kanisa letu nalo lina vyumba vyake katika habari hii. Wamisionari wa Afrika walipofika Unyanyembe mwaka 1878, na baadaye walipoanza kukaa Kipalapala miaka ya 1880, moja ya kazi zao ilikuwa kuwalea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Kukombolewa ni neno zuri. Kwa vitendo lilimaanisha pia kwamba mtu fulani sokoni alipokea malipo. Mapadre wenyewe walilijua tatizo hilo. Mtoto alitoka nyumba moja alikonunuliwa, akaingia nyumba nyingine aliyofundishwa kusoma na kulima. Tunapita Kipalapala mara nyingi. Pana miti mizuri na kimya cha kusali.

Tumesema kimya. Sisi tunaishi ndani yake zaidi kuliko vijana wengi wa umri wetu. Baada ya sala ya mwisho huanza kimya kikuu hadi asubuhi, na kila mmoja huingia chumbani kwake: kitanda, meza, kiti, msalaba, dirisha, ndoo. Vyumba vyetu vinafanana na vile vya Strandgade kuliko sebule za mama zetu. Labda ndiyo maana ukurasa ule ulitushika. Tunajua jinsi mwanga wa saa kumi unavyoingia na kuhama kutoka mguu wa kitanda hadi mlangoni. Tunajua vumbi lile.

Tofauti ni kwamba chumbani kwetu hakuna Ida.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoacha kuwa ya sanaa. Mafundisho juu ya useja tunayapata, na tunayapata vizuri. Walezi wetu hawatufichi ugumu wake. Lakini vijana tukizungumza sisi kwa sisi huwa tunazungumza kama kwamba tunachokiacha ni mwili tu, au watoto watakaobeba jina. Picha hii ilituonyesha kitu kingine ambacho hakikuwa kimetajwa: mtu wa pili ndani ya nyumba. Mtu ambaye huhitaji kumsemesha. Unajua yupo chumba cha pili kwa sababu umesikia sinia likiwekwa. Mume yule alikaa miaka 11 katika nyumba ile akimtazama mkewe kwa nyuma, na hakuchoka. Mwenzetu mmoja, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema kwamba yeye anaweza kuishi bila mke lakini hana hakika kama anaweza kuishi bila mgongo wa mtu. Wapo waliocheka. Yeye hakucheka.

Wapo pia waliojibu kwamba padre hakosi watu. Hilo ni kweli kwa parokia ya mjini. Nenda parokia za kwenye tumbaku, ambako kigango cha mbali kinafikiwa kwa pikipiki saa tatu, urudi jioni kwenye nyumba ya mapadre iliyojengwa kwa ajili ya watatu na sasa anakaa mmoja. Sebule ina viti 12 na picha za maaskofu. Taa ya sola inawaka dakika 40 halafu inakata. Sisi tuliokwenda kwa mwaka wa kichungaji tumeyaona haya kwa macho. Na katika nyumba hiyo, kwa kawaida, yupo mwanamke mmoja: mpishi. Anakuja saa 12 asubuhi na kuondoka jua likizama. Anajua padre anapenda chai ya namna gani, ana sukari au hana, amelala au hakulala. Akiumwa, nyumba nzima inasimama.

Basi mwenzetu mmoja aliona vyema picha hii isomwe na mtu ambaye kazi yake inafanana nayo, akakipeleka kitabu jikoni kwetu. Mama mkuu wa jikoni amepikia mafrateri miaka mingi. Wapo maparoko jimboni waliokula maharage yake. Alifuta mikono, akakishika kitabu mbali na macho, kama wafanyavyo watu wasio na miwani.

"Huyu ameshawapa chakula," alisema.

Tukamuuliza amejuaje.

"Sinia si tupu? Angekuwa anapeleka lingekuwa na vyombo. Angekuwa anakwenda kutoa vyombo angekuwa anatembea. Huyu amesimama. Amewapa, wameanza kula, naye anasikiliza kama wanakula au wanapekua tu. Mimi nikishawapelekea ninyi, nasimama pale kwenye kona ya ghala. Hamnioni. Nikisikia vijiko, naondoka."

Mmoja akamwambia kwamba sisi tulidhani ni msiba. Akaangalia tena, akakataa kwa kichwa. Kwenye msiba, alisema, mwanamke hapati nafasi ya kusimama peke yake. Akauliza kama mume wake ndiye aliyechora. Tukasema ndiyo. Akauliza kama alikuwa mume mwema. Tukasema hatuna habari mbaya juu yake. "Sasa kwa nini hakumwambia geuka?"

Tulimweleza kadiri tulivyoweza, kwamba labda hakutaka kumkatiza. Alilifikiri hilo. Kisha akatuhadithia kwamba marehemu mumewe alikuwa dereva wa treni ya mizigo, na akirudi alfajiri alikuwa na tabia ya kukaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akimwangalia anakoleza moto, bila salamu, hadi chai ichemke. Mwanzoni alimwona ana kiburi. "Baadaye nikazoea. Siku hizi nikikoleza moto nageuka mwenyewe." Akaturudishia kitabu na kutuuliza ni nani kati yetu aliyechukua kisu kikubwa cha jikoni bila kusema.

Hatukuandika chochote wakati ule. Lakini jioni, baada ya chakula, wawili wetu tulipita karibu na ghala, na alikuwa pale kwenye kona aliyoitaja, mgongo kwetu, akisikiliza.

Ida aliishi miaka 33 baada ya mumewe, hadi 1949. Picha za Hammershøi zilikwenda kwa watu na kwenye makumbusho. Zikasahauliwa kwa muda mrefu, zikakumbukwa tena. Leo wageni hulipa kiingilio ili kusimama mbele ya mgongo wake huko Randers. Halima hakuchorwa. Ana mistari michache katika shajara ya mtu mwingine, na uani mwa tembe la Kwihara pana nafasi ya kusimama mtu mmoja, kivulini, kabla ya kuambiwa aingie.

Likizo inaanza wiki ijayo. Mwenzetu yule asiye na maneno mengi amezungumza na mlezi wake mara tatu, na mlezi amemwambia aende nyumbani, apumzike, amsaidie mama yake kuvuna, asiamue jambo lolote barabarani. Tunamwombea, na tunawaomba wasomaji mumwombee pasipo kuuliza jina lake. Kitabu ni mali ya maktaba na hakiruhusiwi kutoka. Mtunza maktaba amekubali ukurasa ule unakiliwe kwa mashine ya ofisini, rangi nyeusi na nyeupe, ambayo kwa picha hii haipunguzi kitu kikubwa. Ameikunja mara moja, ameiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Basi la Sikonge linaondoka saa moja asubuhi.